Daftari la Mizani

Mshairi huhesabu silabi.
Mimi nahesabu tani,
ndani ya kibanda cha bati, langoni mwa jalala, Kaloleni,
na kalamu nimeifunga mezani kwa uzi
isichukuliwe na upepo, wala na Hatibu wa lori.

Safu ni nne: tarehe, gari, kata, uzito.
Njoro. Pasua. Bondeni. Kiboriloni.
Jumatatu hunuka harusi za Jumamosi,
mifupa ya mbuzi na maua ya plastiki;
siku nyingine zote ni maganda ya ndizi kutoka Mbuyuni,
maganda juu ya maganda.
Alfajiri mlima hujifunua,
umesimama na weupe wake juu ya uchafu wetu
kama bibi harusi aliyekosea njia.

Yalianza kuja mapipa,
ya kijani, ya njano, ya kijivu,
na kijana wa kutueleza kwa picha.
Sisi tuna adabu: tulipiga makofi.
Wiki ya pili la kijani lilikuwa Pasua, limejaa maji ya kunywa,
la njano lilionekana Rau likichachusha mbege,
la kijivu, mpaka leo sijui.
Wafadhili walinuna kidogo.
Lakini pipa zuri namna ile, lisilovuja,
nani alitie taka?

Kisha ikaja mizani, kwa kontena,
na bamba la shaba: *Kutoka kwa watu wa Holmvik.*
Ikasoma malori miezi sita,
halafu kitu ndani yake, kidogo kama punje ya kunde,
kikafa.
Tukaandika barua. Tukajibiwa vizuri sana.
Masika yakapita, vuli ikapita.

Muda wote huo mizani ilikuwa Aikaruwa.
Anachambua hapa tangu mwanawe hajaota meno;
mwanawe sasa anafundisha hesabu Korongoni.
Anatazama tairi linavyobonyea,
anasema, "Tatu na robo."
Naandika tatu na robo.

Ragnhild alifika na kipuri mkobani,
amekiviringisha ndani ya soksi.
Alipomaliza kufunga skrubu hakutoa picha.
Alichuchumaa.
Aikaruwa akamwonyesha rundo lake la maganda
linalofuka lenyewe bila moto,
namna ya kulichoma kijiti:
kikitoka cha moto, liache; kikitoka vuguvugu, ligeuze;
na watu wa Kibosho watakuja na magunia
kuirudisha ndizi kihambani ilikotoka.
Mgeni aliandika kuliko mimi karani.
Akasema kwao huchoma kila kitu, nyumba zikapata joto,
na majivu hupelekwa mbali.
Nikamuuliza: mbali wapi?
Akautazama mlima.

Siku ya tatu, katika mzigo wa mitumba
iliyododa Memorial,
Aikaruwa akavuta koti la mvua, la njano,
halina mkono mmoja.
Kifuani nembo: samaki, nanga, neno.
Yeye hasomi. Lakini hupita langoni kila siku.
"Hili neno," akasema, "si lile la kwenye shaba?"

Hakuna aliyejibu. Kunguru tu.
Ragnhild alilipokea kwa mikono miwili
kama anayekabidhiwa mtoto wa ndugu
aliyepotea huku watu wakijua.

Tukaliweka juu ya mizani.
Mizani ya malori haioni koti.
Ikasema sifuri.
Aikaruwa akalinyanyua, akalitikisa.
"Kilo kasoro."

Nikafungua daftari. Tarehe. Gari, kistari.
Kwenye kata nikasita,
mgeni akashika kalamu, uzi ukamvuta mkono,
akaandika chini ya Kiboriloni, herufi kubwa:
HOLMVIK.

Jioni tulianza barua nyingine, sote watatu.
Safari hii hatukuomba kitu.
Tuliuliza.
Tulikuwa bado kwenye swali la pili
Hatibu alipopiga honi:
ana Bondeni nzima mgongoni, na giza linaingia.